Ndakaini, Kisima cha Nairobi

Bomba la ploti yetu, Umoja, hukohoa kabla ya kutoa maji. Hukohoa mara mbili tatu, likapumua hewa, likadondosha matone ya rangi ya kutu, kisha maji yakaja kwa kishindo na kila mlango ukafunguka. Mwaka 2017, mvua zilipokuwa zimekosekana na Nairobi ikatiwa kwenye mgao tangu Januari mosi, kikohozi hicho tulikingoja usiku kucha. Nilijifunza kulala sikio moja likiwa macho. Na katika taarifa ya habari ya jioni lilitajwa jina lile lile: Ndakaini. Bwawa limeshuka, bwawa limepanda kidogo, bwawa halijapata mvua. Jiji zima lilikuwa likiulizia hali ya Ndakaini kama watu wanavyoulizia hali ya mgonjwa, na mtaani kwetu sikumjua hata mtu mmoja aliyewahi kufika huko.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kwa sababu ya mahali nilipozaliwa. Mimi ni mtoto wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Kwetu maji ya mto huonjwa kabla ya kunywewa. Maji ya bara yakija kwa wingi, mto huisukuma bahari na wakulima wa Ozi hupanda mpunga na migomba. Maji ya bara yakipungua, bahari hupanda mtoni, chumvi ikaingia mashambani. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hukua akijua kwamba maisha yake yameshikwa na watu asiowaona, walio mbali huko juu. Nilipohamia Nairobi nikawa mmoja wa hao walio juu, na sikuwa najua.

Mwaka huu nikaamua. Nilichagua Jumamosi ya mwanzo wa Juni, na yeyote anayepanga safari hii namshauri afanye vivyo hivyo: masika yamekwisha, bwawa limeshiba, na ukungu mzito wa Julai haujashuka. Ruhusa ya kuingia niliiomba mapema, maana maji yale ni ya kunywa na yana walinzi wake. Nilimchukua binti yangu wa miaka kumi na mmoja, sweta mbili, chupa ya chai ya tangawizi, na mahamri aliyoyakaanga mama yake usiku.

Barabara ya Thika

Tulitoka kabla ya jua. Binti yangu nilimpa kazi moja tu: kuhesabu mito. Barabara hii kuu, iliyofunguliwa mwaka 2012, inakwenda kwa kasi kiasi kwamba madaraja yake huhisi ukiyavuka. Mtu hupita juu ya mto kama anavyopita juu ya tuta dogo. Alikaza macho dirishani. Ruiru ukampita kwa kuwa alikuwa akimimina chai. Ndarugo akaukamata, chini kabisa, kamba ya maji ya kahawia kati ya migomba.

Nikamweleza jinsi jiji letu lilivyokuwa likifuata maji. Jina lenyewe la Nairobi limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 na kambi ikageuka mji, maji ya pale hayakutosha. Wakavuta ya chemchemi za Kikuyu. Hayakutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaziba mto Ruiru, miaka ya 1950 wakajenga bwawa la Sasumua kule Njabini, baadaye wakaufikia Chania, na mwaka 1994 wakamaliza Ndakaini. Kila kizazi cha Nairobi kimeongeza hatua moja kuelekea milima ya Nyandarua, na kila hatua imekuwa ndefu kuliko iliyotangulia.

“Na baada ya Ndakaini watakwenda wapi?” akauliza.

Nikamwambia wameshakwenda, ila tungoje tufike.

Thika

Wengi huipita Thika mbio. Sisi tulisimama pale mito miwili inapokaribiana, kwenye bustani ya Blue Post, hoteli iliyoanzishwa mwaka 1908. Upande mmoja poromoko la Chania, upande mwingine poromoko la Thika, na katikati unaweza kutembea kwa mguu kutoka ngurumo moja hadi nyingine kabla chai yako haijapoa. Chini kidogo mito hii huungana ikawa mmoja, ukashuka kuitafuta Tana.

Tulishuka ngazi hadi karibu na Chania. Mvuke wa maji ulitulowesha nyusi. Kwa macho tu, mto ulikuwa mkubwa. Lakini mto huu umekwisha kulipa ushuru kabla ya kufika hapa: huko juu, mahali paitwapo Mwagu, sehemu ya maji yake hukingwa yakapelekwa Ng'ethu kusafishwa, kisha yakateremka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri na kwenye mitaa yetu. Tunachokiona hapa ni kilichobakishwa. Nilikitazama kwa heshima mpya.

Thika ina jambo jingine nisiloweza kulipita. Wazee wa Kikuyu husimulia habari za mtabiri Mugo wa Kibiru, aliyewaona wageni weupe kabla hawajaja, na mti mkubwa wa mugumo wa mji huu ambao ungeanguka siku utawala wao utakapokwisha. Husimuliwa kwamba Waingereza waliuzungushia kizuizi cha chuma usianguke. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, mugumo ukaanguka. Mahali pale pameachwa kuwa bustani. Binti yangu aliokota jani moja kavu akalitia katikati ya daftari lake la mito.

Gatanga

Ukiiacha Thika na kuanza kupanda upande wa magharibi, nchi hubadilika kama mtu anayevua kanga moja akavaa nyingine. Mananasi ya tambarare huisha. Kahawa huingia, majani yake yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Miparachichi imejaa kila ua, mingine ikiinamia barabarani. Halafu hewa hupoa, kahawa hukonda, na ghafla kila kilima ni chai.

Ardhi ya upande huu wa kaunti ya Murang'a haina tambarare. Ni mgongo, bonde, mgongo, bonde, na kila bonde lina mto wake unaotoka Nyandarua. Wenyewe mgongo wa kilima huuita *rũgongo*, na nilipolisikia neno hilo nilicheka kwa furaha, maana ni letu vilevile. Maji nayo ni *maaĩ*. Nimeishi Nairobi miaka kumi na tisa nikidhani lugha hizi mbili zina umbali mkubwa.

Gatanga ni nchi ya wanamuziki. Katika kibanda tulichoingia Kirwara kunywa chai, redio iliyofungwa waya juu ya rafu ilikuwa ikipiga John DeMathew, mtoto wa huku huku, aliyefariki katika ajali ya barabarani karibu na Thika mwezi Agosti 2019. Mwenye kibanda alikuwa akiimba naye kwa sauti ya chini huku akimenya nduma. Alituletea vipande vinne vinavyotoa moshi na chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikashika rangi ya matofali. Nduma ya huku hulimwa kwenye vijito, na ukiivunja kwa mkono hutoa unga mkavu na harufu kama ya njugu iliyochomwa. Mahamri yetu tukampa yeye. Alionja moja, akatikisa kichwa, akafunga mengine kwenye gazeti awapelekee watoto.

Baada ya Gatura tulisimama kando ya shamba la chai kwa sababu binti yangu alitaka kuona mikono ya wachumaji. Mama mmoja alimwita aingie kati ya mistari. Aliuweka mkono wake juu ya kichaka, kiganja kikiwa chini, vidole vikasogea kwa haraka kama vya mtu anayepiga kinanda, na kila mara kikatoka kitu kile kile: majani mawili na kichipukizi, na mlio mdogo wa kikonyo kinachokatika. Jani la tatu haligusi. Hatazami hata. Alikuwa akizungumza nasi huku vidole vikifanya kazi yake, na konzi ikijaa akaitupa begani, ikaangukia kikapuni mgongoni. Binti yangu alijaribu. Katika dakika tano alipata konzi moja, na mama yule akaikagua jani kwa jani, akatoa mawili yaliyokomaa, kisha akaitia kikapuni pamoja na yake kwa uzito ule ule wa uso. Hakumpa mtoto sifa za bure. Nililipenda hilo.

Ukutani

Bwawa huonekana ghafla. Barabara inazunguka mgongo mmoja wa chai, na bonde lililopaswa kuwepo halipo. Pahali pake pana maji.

Nilikuwa nimetarajia saruji, labda kwa sababu ya picha za mabwawa ya umeme. Ukuta wa Ndakaini ni kilima. Ni tuta la udongo na mawe lenye urefu wa zaidi ya mita 60 kwenda juu, upande wa chini umevikwa nyasi fupi za kijani, upande wa maji umepangwa mawe makubwa ya kuvunja mawimbi. Tulitembea juu yake. Mkono mmoja ziwa, mkono mwingine shimo la bonde ambamo mto Thika, ukiwa mwembamba, unaanza upya safari yake.

Likijaa, bwawa hili hushika mita za ujazo milioni 70. Nambari hiyo ilikuwa haisemi kitu kwangu mpaka nilipoigeuza kuwa mitungi ya lita 20, kipimo cha mtaa wetu: mitungi bilioni tatu na nusu. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nairobi yanategemea bonde hili moja. Bwawa liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko chini yake, kwa hiyo maji hushuka yenyewe. Hupita mahandaki yaliyotobolewa chini ya migongo ya vilima, yakavuka mto Kiama, na Kimakia, hadi Chania, na kutoka Chania hadi Mwagu na Ng'ethu. Nilisimama nikiwaza bomba letu linavyokohoa, na njia yote hiyo ya giza ndani ya miamba inayoishia kwenye ndoo yangu ya bluu.

Sasa nikamjibu binti yangu. Baada ya Ndakaini walikwenda kaskazini zaidi: handaki la kilomita 11.8, lililokamilika mwaka 2022, linalochukua sehemu ya maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta kwenye bwawa hili hili. Mito mitatu aliyokuwa hajaihesabu. Akaiandika.

Mlinzi aliyetutembeza alikuwa mzee wa makamo, mtu wa huku. Alitembea mbele yetu bila kusema mengi, mikono mgongoni. Tulipofika katikati ya ukuta akasimama.

“Mgeni wetu, unaona pale kivuli cha wingu kilipo? Hapo ndipo ilipokuwa njia yangu ya shule. Nilikuwa nashuka, navuka mto juu ya gogo, napanda. Dakika kumi. Kengele ikigongwa nikiwa nyumbani, nilikuwa nawahi.”

“Na sasa?”

“Sasa upande ule ni safari ya kuzunguka. Dada yangu ameolewa kule. Nauona moshi wake asubuhi, lakini kumsalimia ni nauli.”

Familia zilizokuwa bondeni zilihama ujenzi ulipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walilipwa, akasema, wakatawanyika, kila mmoja na alikopata shamba. Hakusema kwa uchungu wala kwa kujivuna. Kivuli cha wingu kikasogea, akakitazama mpaka kikapanda kilima cha pili.

Kando ya maji

Tulishuka tukafuata ukingo. Kati ya chai na maji kuna mkanda wa udongo mwekundu usio na jani, na upana wake ndio unaosomwa kwenye taarifa ya habari. Mwaka wa ukame mkanda huu huwa mpana kama uwanja. Siku ile ulikuwa hatua nne tu, na juu yake mistari myembamba, mmoja chini ya mwingine, kama ile inayobaki ndani ya sufuria uji ukipungua. Binti yangu alipanda mistari hiyo kama ngazi, akisema mwezi kwa kila mstari.

Ndege walikuwa wengi. Mnandi mmoja alisimama juu ya kisiki kilichotokeza majini, mbawa zimetandazwa kukauka, asitikisike kwa muda wote tuliokaa. Nyuma yake vilima vya chai, nyuma ya chai msitu mweusi, na juu ya msitu, mawingu yalipopasuka kwa dakika chache, kilele cha Kinangop chenye mita 3,906. Msitu huo ndio mama wa yote haya. Ndio uliowaficha wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950, na ndio unaokamata ukungu na mvua na kuziachia mtoni polepole. Leo umezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, kuwazuia ndovu kushuka mashambani na watu kupanda na misumeno. Ukisimama pale unaona wazi kabisa kwamba bwawa ni bakuli tu. Mpishi yuko kule juu. Wanaolipenda Ndakaini wanalijua hili: mbio za nusu marathoni zinazolizunguka bwawa zilianzishwa ili kuchangia utunzaji wa mazingira yake.

Chakula cha mchana tulikula kwa shosho mmoja, bibi kizee, mama mkwe wa yule mlinzi, nyumba ya tatu kutoka majini. Ilikuwa mukimo: viazi, mahindi na majani ya maboga yaliyopondwa pamoja mpaka yakawa kijani, na mchuzi wa maharagwe. Alimuuliza binti yangu ametoka kwa watu gani. Aliposikia Kipini hakupajua, akataka kujua ni mbali kiasi gani. Nikamwambia mto huu wa kwao ukiufuata, ukaingia Tana, ukapita bwawa la Masinga, ukapita Garissa na Hola, mwisho wake ni mlangoni kwetu. Alinitazama kwa muda.

“Basi mmekuwa mkinywa maji yetu tangu zamani, na hamjaja kusema asante.”

Kisha akamwita binti yangu Wanjiru, jina la mmoja wa mabinti tisa wa Mumbi, mama wa Wakikuyu, akasema mtoto anayefika kwa miguu yake hadi kwenye asili ya maji hawezi kuondoka bila jina la huku.

Kunawa mikono tulimiminiwa kwa kata kutoka kwenye mtungi. Nyumba ya tatu kutoka kwenye bwawa, na hakuna bomba. Shosho huteka kijitoni. Kilio hiki ni cha zamani katika Murang'a. Gavana wao wa kwanza, Mwangi wa Iria, alidai kaunti ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji haya. Sheria za fedha sizijui vya kutosha kutoa hukumu, lakini najua nilivyojisikia nilipomwona mwanamke wa miaka sabini na kitu akipima maji kwa kata huku ziwa likimetameta mlangoni mwake. Nilinawa kwa nusu ya kata. Nusu nyingine nikamrudishia.

Alitufungia mkungu mdogo wa ndizi na maparachichi sita. Mgeni haondoki mikono mitupu.

Chini ya ukuta

Kabla ya kurudi nilitaka kuuona mto, si ziwa. Tulizunguka hadi chini ya bwawa, kwenye daraja dogo. Hapa maji yanayoachiwa mto hupita kati ya mawe, safi, baridi kiasi cha kuumiza mifupa ya vidole, yakikwaruza na kurukaruka kama mbuzi. Binti yangu alikuwa amehesabu mito kumi na mmoja. Huu hakuuandika upya. Alisema ni ule ule tuliouona ukianguka asubuhi, ila bado mtoto.

Nilimpigia simu mama yangu, Kipini.

“Mama, maji yakoje leo?”

“Leo tumechota matamu, mwanangu. Wiki iliyopita yalitushinda, chai ilikuwa kama imetiwa chumvi. Uko wapi, mbona kuna kelele?”

Nikamwambia niko yanakoanzia. Hakuelewa, au hakuamini. Basi nikapiga magoti juu ya jiwe, nikanyoosha mkono, nikaiweka simu karibu kabisa na maji. Nikaihesabia pumzi kumi. Nilipoirudisha sikioni alikuwa kimya.

“Umesikia, Mama?”

“Nimesikia. Yana haraka,” akasema. “Huku yakitufikia huwa yamechoka.”